Mzee wa Mabani na Kibofu cha Ng'ombe

Niliacha shule darasa la nne. Mwalimu alichora mtu ubaoni, akamwekea duara moja katikati, akaandika "tumbo", halafu akashika kifutio. Nikamuuliza chakula kikishaingia kwenye hilo duara kinatokea wapi, maana hakulichorea mlango. Akaniambia nitoke nje. Nikatoka, na nilipofika nje nikaona nje kunanifaa zaidi.

Baada ya hapo nilifanya kazi nyingi na sikudumu na hata moja. Niliuza karanga stesheni ya Tabora, nikasukuma mkokoteni wa nta, nikapaka chokaa nyumba za watu mtaa wa Ng'ambo. Kazi iliyonishika kwa muda mrefu ilikuwa machinjioni, kuosha matumbo. Watu walikuwa wakinihurumia kwa harufu, nami nilikuwa nikiwahurumia wao kwa kutojua wanachokaa nacho. Kila asubuhi ng'ombe walikuwa wakifunguliwa mbele yangu, nami nikapata jibu la swali la darasa la nne. Mnyama ni mifuko na mabomba. Umio unashuka kutoka kooni, laini, ukiuvuta unanyooka. Tumbo lenyewe ni vyumba vinne, kimoja kina kurasa kama daftari, na majani yanakwama katikati ya kurasa. Utumbo mwembamba ukiutandaza unapita uwanja na kuvuka barabara. Nimewahi kuutandaza, na nikafokewa. Moyo nao ni mfuko, ingawa watu hawapendi kusikia hivyo.

Lakini kilichonipendeza kuliko vyote kilikuwa kibofu. Kikiwa kitupu ni kitu cha aibu tu, kimenywea, unaweza kukifinyanga mkononi. Ukikipuliza kinakuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto, ngozi yake inapitisha mwanga, na mishipa inaonekana kama njia kwenye ramani. Watoto wa jirani walikuwa wakinisubiri getini niwatolee vibofu wachezee mpira. Kwa kuvipuliza vile vingi nikagundua jambo. Kibofu kina mirija miwili inayoingia, kila mmoja umetoka kwenye figo yake, na mlango mmoja wa kutokea. Nilikuwa nikipuliza kwa ule mlango wa kutokea, nafunga uzi hapo, na sikufunga kitu kwenye ile mirija miwili. Hewa haikutoka. Kwa nini haikutoka nilikuwa sijui. Nilikipasua kimoja nikachungulia, nikaona mirija haiingii moja kwa moja, inapita kwanza kwa mshazari ndani ya ngozi ya kibofu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Kibofu kikijaa kinaibana chenyewe. Kitu kikishaingia hakirudi kilikotoka. Nilikaa na furaha hiyo wiki nzima bila mtu wa kumwambia.

Nilipochoka na Tabora nikapanda treni ya mizigo mpaka Goweko. Zilikuwa siku za watu kuhamia vijijini, nyumba mpya zimepangwa mistari, shamba la tumbaku ni la wote, na mgeni mwenye mikono miwili hakuulizwa sana. Nikapelekwa kwa mzee mmoja Mnyamwezi aliyesimamia mabani, yaani yale majengo marefu ya kukaushia tumbaku. Ndani ya bani kuna mabomba mapana ya bati yanayozunguka chini, moto unawashwa kwa nje, joto linapita ndani ya bomba, majani yanakauka bila kuonja moshi. Mzee alikuwa bingwa wa mabomba hayo. Akigonga bati kwa kidole cha kati anakwambia masizi yameganda wapi. Tukapatana siku ya kwanza, kwa sababu na mimi nilikuwa mtu wa mabomba, ila yangu yalikuwa laini.

Kijiji kilikuwa na redio moja, ikiwekwa juu ya meza nje ya ofisi ya kijiji, na jioni tulikuwa tukikusanyika kusikiliza masomo ya afya. Redio ikasema kila nyumba ichimbe choo. Mzee akachimba choo ambacho bwana afya alileta watu wa vijiji vingine kuja kukitazama. Kina mfuniko wa mbao, kina mlango wenye bawaba, kina kidirisha cha hewa. Basi mzee akaanza kukaa humo. Anaingia asubuhi, watu wanaenda shamba, wanarudi, mzee bado yumo. Tukadhani anajivunia kazi yake. Mkewe ndiye aliyejua si fahari. Mzee alikuwa akisimama humo akisubiri mkojo, na mkojo ulikuwa ukija matone, kisha ukawa unakuja matone machache zaidi.

Mama huyo hakuweza kumwambia mtu. Watoto wa mzee walikuwa wakubwa, wana familia zao, lakini nani atamwendea baba yake kumuuliza habari za mkojo? Mimi nilikuwa nalala chumba cha uani karibu na choo, nasikia matone hayo, namwona mzee asubuhi anatembea kwa kuinama mbele kama aliyebeba ndoo isiyoonekana, nami pia nikanyamaza. Nikimsalimia shikamoo anajibu marahaba kwa meno yaliyofungwa.

Na mzee alikuwa na dawa yake mwenyewe. Aliniambia siku moja tukiwa tunasafisha bani, bila kunitazama, kama anazungumzia bati.

"Bomba likiziba, unafanyaje?"

"Nafungua nakwangua, mzee."

"Hiyo ni ya wavivu. Mimi naongeza moto. Moto ukiwa mkubwa unasukuma masizi yote nje kwa bomba la juu. Bomba linataka kusukumwa."

Ilikuwa kweli kwa bani. Nimeona kwa macho yangu masizi yakiruka nje kama kunguru. Ndipo nikaelewa kwa nini mzee alikuwa anakunywa maji vile. Anakunywa maji ya mtungi, anakunywa togwa, anakunywa mizizi iliyochemshwa, anasukuma. Mkewe alipojaribu kumzuia, akamwambia hata redio imesema watu wanywe maji mengi yaliyochemshwa. Huwezi kubishana na mtu aliye upande mmoja na redio.

Mimi nilibaki na kile kibofu changu kichwani. Milango miwili ya kuingia, mmoja wa kutoka, na kilichoingia hakirudi. Kila kikombe anachokunywa mzee kinaenda kukaa mahali pamoja na vingine vyote. Tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa limeanza kuonekana hata kupitia shati. Nikaona atakufa, na atakufa kwa adabu yetu.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kusema alikuwa mtani wake. Huyu alikuwa Mzaramo, amefanya kazi genge la reli ujana wake wote, akastaafu akiwa Goweko na akakataa kurudi pwani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu wa huku walipokuwa wakifika pwani na mizigo begani, na mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, ukakasirika wewe ndiye utakayeonekana huna malezi. Wazee hawa wawili walikuwa wakitukanana kila siku kwa miaka. Siku wasipotukanana mmoja wao alikuwa anaumwa.

Nilimkuta anashona kiatu kibarazani kwake, nikamweleza yote, mpaka mirija ya mshazari. Alinisikiliza akiwa na uzi mdomoni.

"Kwa hiyo Mnyamwezi wangu amejaa."

"Amejaa, mzee."

"Na anajimwagia mengine juu yake."

"Ndiyo."

"Hawa watu walitembea na pembe za ndovu kutoka huku mpaka baharini bila kuuliza kama zina faida. Ukimwambia aache kitu hataacha. Lazima aone." Akang'ata uzi ukakatika. "Bucha ya stesheni wanachinja Jumamosi. Kanitafutie hicho kifuko. Na pampu ya baiskeli."

Jumamosi nilimletea kibofu kibichi cha ng'ombe. Akakichukua na kukimiminia maji kwanza, kidogo, akisema hewa peke yake haina adabu ya kutosha. Tukaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti cha kukunja, kibuyu cha togwa pembeni, uso umekuwa wa kijivu. Mkewe alikuwa anachagua mchele karibu. Mtani hakubisha hodi. Akavuta kinu, akakaa juu yake, jambo ambalo lenyewe ni matusi, akakunjua kitambaa mapajani.

"Unakijua hiki?"

"Chakula cha Wazaramo," mzee akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ni wewe huyu. Nimekuletea picha yako." Akanigeukia. "Funga pampu hapo kwenye mlango wa kutokea. Tuige Mnyamwezi anavyokunywa togwa."

Nikafunga mrija wa pampu kwa uzi wa viatu. Nilianza kusukuma. Kibofu kikaamka, kikanyooka, maji yanacheza ndani. Mtani akawa anatangaza kama mtu wa redio: asubuhi mzee amekunywa maji ya mtungi, pampu, saa nne amekunywa mizizi, pampu, mkewe amemkataza, amekunywa zaidi kwa hasira, pampu, pampu. Mama aliinua ungo ukamficha uso. Nilimwonyesha mzee ile mirija miwili ya juu inavyoning'inia wazi bila kufungwa, na hakuna hata tone linalorudi. Hapo ndipo alipoinama mbele. Alikuwa fundi, na hilo lilimgusa. Akanyoosha kidole cha kati, akakigonga kile kibofu taratibu, kama anavyogonga bati.

"Hakina bomba la juu," akasema.

"Hakina," nikasema.

"Ukisukuma inakwenda wapi?"

"Endelea, kijana," mtani akasema, "mwonyeshe inakokwenda."

Nikaendelea. Kilipasuka kwa mlio wa bunduki. Kuku walikimbilia nyuma ya choo, na maji yote yakamwishia mzee usoni na kifuani. Mzee akatoa leso, akajipangusa paji la uso, akajipangusa kidevu, akaikunja leso vizuri na kuirudisha mfukoni.

"Treni ya Tabora inapita saa ngapi?" akauliza.

"Mimi nimelala na reli hii ujana wangu wote," mtani akasema, "na ninachojua ni kwamba inapita ikifika. Vaa viatu."

Ilifika mchana. Tulimpandisha mzee daraja la tatu, mimi namsukuma kwa nyuma na mtani anamvuta kwa mkono huku akiwatangazia abiria wapishe gunia la mkojo. Mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akakasirika sana.

"Wewe baba, huoni mwenzio mgonjwa? Huna hata haya?"

"Mwache, mama," mzee akasema kwa shida, akiwa ameshika ukingo wa dirisha. "Ni mtani wangu."

"Ah," mama akasema, "basi mngesema mapema," akasogeza kikapu.

Kosa letu lilikuwa kusema ugonjwa wenyewe. Ndani ya behewa lile hapakuwa na mtu asiyejua dawa, na dawa zote zilikuwa za kunywa. Askari aliyekuwa likizo alikuwa na chai kwenye chupa. Mama wa vitunguu alikuwa na uji wa ulezi. Kijana fulani akatoa soda, akasema gesi yake inafungua. Mzee aliitazama ile soda kwa muda, na mimi nikamtazama yeye, kwa sababu mazoea ya kusukuma hayatoki kwa kibofu kimoja. Mtani akaipokea, akamshukuru kijana, akainywa yote. Akapokea na chai. Akanywa uji, akasifu. Watu hawawezi kukataliwa ukarimu wao, alisema, na mgonjwa akinywa atapasuka kama kile kibofu cha ng'ombe, kwa hiyo mzigo ni wa mtani.

Ilipokaribia Igalula, mtani akaacha kuongea. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa dalili mbaya. Akapishanisha miguu, akaiachanisha, akasimama, akaenda kwenye choo cha behewa akarudi. Choo kilikuwa kimejaa magunia ya tumbaku hadi darini, mlango haukufunguka zaidi ya kiganja. Akakaa. Treni ikiruka kwenye maungio ya reli, anafumba macho. Mzee alikuwa anaumwa kweli, jasho linamtiririka, lakini aliona, na kwa mara ya kwanza siku ile midomo yake ikasogea.

"Ongeza moto," akamwambia.

Treni ilipopunguza mwendo Igalula, mtani aliruka kabla haijasimama, akavuka uwanja wa stesheni akikimbia kwa hatua fupi, akasimama nyuma ya mnazi mchanga uliopandwa na mtu mwenye matumaini, mti usioweza kumficha hata mbuzi. Behewa zima lilikuwa dirishani. Kengele ya stesheni ikalia. Kila mtu alimpigia kelele arudi, yeye akainua mkono mmoja kuomba subira. Mzee alikuwa ameegemeza shavu kwenye nondo ya dirisha. Hakucheka. Alikuwa anamtazama mtani wake kama mtu mwenye njaa anavyotazama harusi ya watu.

"Sikiliza," akaniambia. "Sikiliza inavyotoka. Na wala hashukuru."

Tulimdaka mtani mkono treni ikiwa imeanza kwenda. Toka hapo hadi Tabora hakukuwa na mzaha. Mzee aliacha kujibu. Alianza kuguna kila behewa likitikisika, akashika mkono wangu akaubana hata vidole vikafa ganzi, na mtani akawa anahesabu nguzo za simu kwa sauti ili mzee awe na kitu cha kusikiliza, na alipochanganyikiwa anaanza upya.

Hospitali ilikuwa na mganga mmoja wa zamu, mtu mfupi, mpole, mikono safi kuliko yote niliyowahi kuona. Alimlaza mzee, akagonga tumbo kwa vidole, na nikaona mzee, pamoja na maumivu yote, anafuatilia ule mlio. Mganga akaleta mpira mwembamba, mrefu kama kalamu tatu zilizopangwa, akaupaka mafuta. Mtani akauliza mpira huo unaingilia wapi. Akaambiwa. Akaomba kutoka nje. Mimi nilibaki, nikashika beseni.

Sitaeleza mzee alisema nini mpira ulipokuwa unapita, kwa sababu yalikuwa ni maneno ya Kinyamwezi na mengine nilikuwa siyajui. Mahali fulani ukagoma. Mganga hakusukuma. Alisubiri, akamwambia mzee apumue, akauzungusha kidogo, akasubiri tena. Halafu beseni likaanza kulia. Nimesikia mvua ya kwanza juu ya bati baada ya kiangazi kirefu, na haikuwa hivyo. Ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuja, ikaendelea kuja, mganga akabana mpira akaomba beseni la pili, akaachia tena polepole. Tumbo la mzee lilikuwa linashuka tukilitazama. Uso wake ulirudia rangi yake, kuanzia kwenye masikio.

Nilikuwa na maswali yangu, na mganga aliyajibu huku akifanya kazi. Nilimwambia nadhani ni jiwe. Akasema si jiwe. Kuna tezi inayozunguka shingo ya kibofu kwa wanaume, na mwanamume akizeeka inavimba na kubana njia, kama mkono ulioshika koo. Nikasema mimi nimeosha maelfu ya matumbo na sijawahi kuiona imevimba. Akauliza ng'ombe wanaochinjwa Tabora wana umri gani, na wangapi ni maksai, maana aliyehasiwa tezi yake haivimbi. Nikaona ujinga wangu ulikuwa wapi. Hakuna ng'ombe anayeachwa azeeke mpaka asumbuliwe na mkojo. Nikamweleza na habari ya pampu. Alicheka mpaka ikambidi ashike kitanda. Akasema kibofu cha mtu hakipasuki kirahisi hivyo, kinavutika sana, ila ile milango ya mshazari huchoka, na figo huko juu ndizo zinazoharibika kimyakimya. Bora mlivyomtisha kwa uongo, akasema, angekawia siku chache mngemleta figo zimekufa kweli.

"Kwa hiyo mkojo ungeweza kurudi juu," mzee akasema kutoka kitandani, macho amefumba.

"Kwa shida, mzee, kibofu kikizidiwa."

"Basi kina bomba la juu. Mliniambia hakina." Na akalala usingizi kabla sijajitetea.

Walisema atakaa na mpira huo hadi mganga mkubwa atakaporudi kutoka safari, kisha wataona kama wampasue. Walimpasua baadaye, na aliishi kukausha tumbaku ya misimu mingi. Lakini siku ile tulichojua ni kwamba amelala na anakoroma.

Nikamwita mtani. Aliingia kwa uangalifu kama anaingia msikitini, akatazama chupa iliyopokea mkojo chini ya kitanda, akatazama mpira, akatazama mtani wake aliyelala mdomo wazi. Nilisubiri tusi. Muuguzi alikuja kutazama chupa, akamkuta amesimama hapo.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana. Huyu ni mtumwa wangu."

Muuguzi alikuwa mtu wa pale pale Tabora, anaujua utani, hakuinua hata macho. "Basi mwangalie mtumwa wako asiulalie huo mpira. Ukijikunja utaziba tena."

Mtani akavuta kiti. Nilitoka kutafuta chakula sokoni, nikazunguka mjini nikisalimia watu wa machinjioni, nikarudi alasiri na mihogo. Alikuwa bado amekaa pale pale, ameinama, ameshika mpira kwa vidole viwili na kuunyoosha usijikunje, na mzee alipogeuka usingizini aliusogeza pamoja naye.